Taa Saba Ghalani

Karani wa maonyesho alituletea karatasi iliyopigwa taipu, na mimi ndiye niliyeisoma, kwa sababu nyumbani kwetu karatasi yoyote yenye herufi za kizungu huletwa kwangu. Baba anasoma herufi za Kiarabu tu, na shangazi naye vivyo hivyo. Karatasi ilisema maonyesho ya kazi za mikono yatakuwa Wete, ndani ya ghala la karafuu lililo tupu mpaka msimu ujao. Kila mtu atapewa meza moja na ukuta ulio nyuma yake. Ghala halina madirisha, umeme wa mji haufiki, na mlango mmoja kati ya miwili utafungwa kwa ajili ya mvua. Kila mtu aje na taa yake.

"Halina madirisha," alirudia shangazi. "Basi mikeka yangu wataionaje?"

Nikamwambia wataisikia kwa pua. Akanirushia kipande cha ukili aliokuwa anausuka, kikanipata sikioni.

Shangazi ni dada yake baba. Anasuka mikeka, misala na makawa ya kufunikia chakula, na sijaona mtu anayemshinda, ingawa mimi si shahidi mwema maana nakula kwake. Alikuwa ameachwa na mumewe, amerudi kwetu, na baba alikuwa keshapokea posa ya mzee mmoja wa kijiji cha Wambaa, mwenye nyavu nyingi, wake wawili na kikohozi. Shangazi alisema hamtaki. Baba si mtu mbaya. Alisema kama dada yake atapata pahala pengine pa kukaa kwa heshima kabla ya Ramadhani, posa itarudishwa. Asipopata, ataolewa. Na pahala penyewe palikuwa shule ya wasichana, ambako walikuwa wanatafuta mwanamke wa kufundisha ususi, apewe na chumba pale pale shuleni. Bibi Mkaguzi wa shule angekuja kutoka Unguja kumchagua kwenye maonyesho hayo. Angechagua mmoja.

Kwa hiyo tuliihangaikia taa kuliko tulivyoihangaikia mikeka. Tulifanya majaribio mchana, chumba cha stoo, mlango tumeufunga na gunia tumeliziba chini ya mlango ili kiza kiwe kiza kweli.

Tulianza na karabai. Niliiazima kwa Mhindi mwenye duka la kona, mzee mpole aliyenionyesha mara tatu namna ya kuipiga pampu, kwa sababu ananijua. Karabai ikawaka, ikaanza kuvuma, na mwanga wake mweupe ukamfanya shangazi awe kama maiti iliyokwisha oshwa. Midomo ilikuwa ya buluu. Macho yalikuwa mashimo mawili. Nyekundu ya mkeka iligeuka rangi ya ini, na nyeusi ikapotea kabisa, pakabaki kama pametobolewa. Nilimwambia amebakiwa na sanda tu. Hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, anaigeuza huku na huku kana kwamba amepewa ya mtu mwingine.

"Izime hiyo," akasema.

Kandili nayo ilitia kila kitu rangi ya chai iliyolala. Mkeka uliomchukua miezi mitatu ukafanana na gunia la mpunga. Tukajaribu tochi ya baba. Nilipomulika msala, shangazi akasema niache, mikeka yake haikumwibia mtu.

Hapo nikapata akili, na akili zangu ndizo zinazonitia matatani tangu nilipoota meno. Mwalimu wa sayansi alikuwa ametufundisha kuwa mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na kitu kikiuzuia huzaa kivuli. Nalikumbuka somo hilo kwa sababu siku ile nilitolewa darasani kabla ya kulisahau. Shangazi alikuwa na makawa saba ya matundu, aliyoyasuka kwa nakshi wazi, maua na meno ya samaki. Nikamwambia tuyaning'inize kwa kamba, na chini ya kila moja, mbali kidogo lisije likaungua, tuweke kibatari kilichopunguzwa utambi. Ukuta wote wa nyuma utajaa nakshi.

Tukawasha vyote saba. Ukutani paliota maua makubwa kuliko watu, na meno, na katikati ya maua mianya iliyofanana na macho. Moto ulipocheza, yote yalicheza pamoja, yanafumba na kufumbua. Hapakuwa na upepo mle ndani, gunia limeziba mlango, lakini kila mara vibatari vyote saba viliinama upande mmoja kisha vikasimama tena. Mikeka ya nyuma, myekundu, myeusi na myeupe, ilionekana kama inavuta pumzi. Tulipofungua mlango kutoka, paka wetu alisimama kizingitini, akatazama, akageuka akaenda zake.

Nikasema, "Shangazi, hata paka kakubali."

Yeye alikuwa ameweka mkono mdomoni. Ile nakshi alikuwa ameizoea ikiwa ndogo mapajani mwake, sasa ilikuwa imesimama mbele yake na kumzidi kimo. "Hii," akasema. "Hii ndiyo."

Yaliyobaki aliyaongeza mwenyewe, moja moja, na kila moja lilikuwa na sababu njema. Mafuta ya taa yasidondokee mikeka, akaweka kila kibatari juu ya kisahani cheupe. Harufu ya mafuta isimkere Bibi Mkaguzi, akasema tutafukiza ubani kidogo kwenye chetezo. Meza tuliyopewa ilikuwa ndefu na ya mbao mbaya, akaifunika kaniki nyeusi.

Nyumbani kwetu baba hataki kusikia habari za mashetani. Yeye ni mtu wa msikitini, na ngoma ya pepo ikipigwa mtaa wa tatu, sisi tunafungiwa ndani na kusomeshwa Kurani. Ndiyo maana hatukuona tulichokuwa tunakitengeneza.

Siku ya maonyesho mvua ilianza alfajiri. Ghala lilikuwa refu, na sehemu ya ndani kabisa, ambako karani alituweka, ilikuwa kiza kama chini ya kitanda. Karafuu zilikuwa zimeondoka zamani lakini harufu yake ilibaki kwenye sakafu na kuta, na ukivuta sana kichwa kinakuwa chepesi. Kushoto kwetu alikuwa sonara na karabai yake. Kulia alikuwa mzee anayechonga vimashua vya kuchezea, na kandili. Hawakuwa wakisemezana. Ulikuwa wakati ule watu wanaulizana chama kabla ya kuulizana hali, na hao wawili walikuwa wameshaulizana.

Tukawasha. Ukuta wetu ukaota maua yake.

Watu waliingia, wakatazama kwa sonara, wakatazama vimashua, na walipofika kwetu wakasimama hatua nne kabla ya meza. Nilidhani ni kustaajabu. Mzee mmoja alivua makubadhi, akayashika mkononi, akapita mbele yetu pekupeku, upande upande, akavaa tena alipofika mbele. Mtoto alijificha kwenye buibui la mama yake. Hakuna aliyegusa mkeka hata mmoja. Hakuna aliyeuliza bei wala jina la nakshi. Walikuwa wananong'ona, na mvua juu ya mabati ikameza wanayoyasema.

"Wanaona haya," aliniambia shangazi, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Ilipofika adhuhuri shangazi alikwenda kuswali nyumba jirani na ghala, akaniachia meza na onyo la kutofanya lolote. Bibi Mkaguzi alitarajiwa baada ya swala. Mie nilikuwa na njaa, na kula mbele za watu ni aibu, basi nikaingia nyuma ya mkeka mkubwa tulioutundika, nikachuchumaa baina ya mkeka na ukuta na kipande changu cha mkate wa kumimina. Pale nyuma nilikuwa ndani ya vivuli vyenyewe. Viliingia kwa pembeni ya mkeka, vikanipita usoni na mikononi. Niliona meno yakitembea juu ya mkate wangu.

Ndipo nikasikia mtu amesimama mbele ya meza.

"Hodi wenyewe," akasema. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mtu mzima.

Nilichungulia kwenye mwanya wa pembeni mwa mkeka. Alikuwa mama mmoja mwembamba, kwa matamshi yake mtu wa upande wa Kiuyu, ameshika yai kwa mikono miwili. Hakuwa akitazama mikeka. Alikuwa anatazama vibatari, anavihesabu kwa midomo. Na kwa mara ya kwanza nami nikavihesabu kwa macho yake: taa saba juu ya visahani vyeupe, kaniki, ubani, nyekundu na nyeusi na nyeupe. Tulikuwa hatujaweka meza ya kuonyeshea kazi. Tulikuwa tumeweka kilinge. Aliyewahi kumpeleka mgonjwa kwa mganga hapa Pemba hawezi kuona kitu kingine pale, na nani asiyewahi, isipokuwa watoto wa baba yangu?

Mtu mwenye adabu angetoka akamwomba radhi. Mimi nilikaza koo, nikatoa sauti nzito kutoka tumboni.

"Karibu."

Hakukimbia. "Nimeleta yai."

"Weka hapo."

Akaliweka juu ya kaniki, taratibu, likatulia baina ya visahani viwili. Mie nimejiziba mdomo kwa kitambaa cha mkate, machozi ya kicheko yananitoka. Nilikuwa tayari kumwambia kesho alete kuku.

Akasema, "Mwanangu alipanda chombo cha Tanga, mwaka wa tatu huu. Hana barua, hana salamu. Mwanangu yuko wapi?"

Kicheko kiliniganda.  Sikusema kitu. Naweza kuapa mbele ya yeyote. Nilimwangalia kupitia mwanya, naye alikuwa ametega sikio upande wa makawa, ameinamisha kichwa, jinsi mtu anavyomsikiliza anayezungumza polepole. Vibatari viliinama vyote saba, vikasimama. Yule mama akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Ahsante," akasema. Akaondoka.

Niligeuka kutazama nyuma yangu. Palikuwa na ukuta tu, na vile vivuli.

Habari zilitembea ghalani haraka kuliko mvua. Nilipothubutu kutoka nyuma ya mkeka, watu walikuwa wamejaa nusu duara, hatua nne kamili, kana kwamba mtu amechora mstari. Mayai yalikuwa yamefika matatu na chupa ya marashi. Karani wa maonyesho, kijana wa kuvaa soksi ndefu, alikuwa anatoka jasho. Alisema meza yetu itolewe kwa mlango wa nyuma kabla Bibi Mkaguzi hajafika, maana maonyesho ya serikali hayana nafasi ya waganga. Alikuwa ameshashika pembe moja ya meza, lakini alikuwa ameishika kwa ncha za vidole.

Shangazi alirudi akakuta hivyo. Alitazama mayai. Alitazama taa zake. Nilimwona akiona, kama nilivyoona mimi, na uso wake ukazeeka pale pale.

"Nani kaanza?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Na Bibi Mkaguzi naye akaingia. Alikuwa mfupi, amevaa miwani, mwavuli unadondosha maji. Watu walimpisha. Akauliza kwa Kiswahili chake cha mjini kwa nini watu wote wamesimama mbali na kazi nzuri vile.  Karani alifungua mdomo, na nilijua atakachosema: kwamba huyu mwanamke ni mganga. Likishasemwa hilo, hakuna mzazi Pemba nzima ambaye angempeleka binti yake akafundishwe naye, na kabla ya Ramadhani shangazi angekuwa anapika Wambaa kwa zamu.

Nikasema mimi kwanza. Nilisema kwamba aliyezungumza nyuma ya mkeka ni mimi, shangazi hakuwapo, alikuwa anaswali, hajui lolote. Nilisema taa ni wazo langu la shuleni. Nikarudia ile sauti, "Karibu, weka hapo," ili waamini. Nilitarajia watacheka, maana mimi huchekwa nikisema mambo madogo kuliko hayo. Hakucheka hata mmoja. Sauti yangu ilipiga kwenye bati na kurudi, na haikufanana na yangu.

Yule mama wa Kiuyu alikuwa bado yumo. Alisogea mbele, akavuka ule mstari usiochorwa, akanitazama bila hasira.

"Weye umenena mara mbili, mwanangu," akasema. "Mie nimejibiwa mara tatu."

Bibi Mkaguzi alimuuliza alijibiwa nini mara ya tatu.

"Hilo nimeambiwa mie."

 Kisha sonara naye, sijui kwa hofu au kwa adabu, akaifungua karabai yake upepo, ikazimika kwa mguno. Mzee wa vimashua akapuliza kandili. Ndilo jambo la kwanza waliloafikiana siku ile. Upande wetu wote wa ghala ukabaki na taa zetu saba, na macho yale ukutani yanafumba na kufumbua.

Shangazi hakujitetea. Alilamba vidole viwili, akainama, akabana utambi wa kwanza. Akaenda wa pili. Hakuwa na haraka. Kila kibatari kilipokufa, ua moja lilianguka kutoka ukutani, na nilisikia watu wanashusha pumzi, ua kwa ua. Alipofika cha saba alisimama kidogo, kisha akakibana nacho, na mle kizani hatukuonana tena. Mlango ulikuwa mbali, na mwanga wake ulikuwa kama kitambaa kilichoanikwa mwisho wa dunia.

"Mimi ni msukaji," akasema shangazi kizani. "Sina jingine."

 Halafu sauti ya Bibi Mkaguzi, karibu kuliko nilivyodhani. "Nipe mkeka wako mmoja."

Nilisikia mkeka ukifunguliwa. Nilisikia viganja vikipita juu yake, vinakwenda na kurudi, kwa muda ambao ungetosha kuswali rakaa mbili.

"Umeunganisha wapi ukili wako?" akauliza.

"Tafuta, bibi."

Alitafuta. Mkeka ni ukili mmoja mrefu unaozungushwa na kushonwa, na msukaji yeyote hujulikana pale alipounga, panakuwa na kidonda. Shangazi ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye kidonda chake hakipatikani. Bibi Mkaguzi aliguna, akaanza upya kutoka pembeni. Mwanamke mmoja kwenye umati akasema kwa aibu kwamba yeye angekipata, yeye naye husuka. Akapewa mkeka wa pili. Mwingine akasema huyo hajui kitu, nipeni mimi. Nikaanza kugawa mikeka kizani kama mtu anayegawa pilau, na mikono ikawa inapokea, ya moto, ya mvua, yenye pete. Mkono mmoja mkavu na wa baridi mno ulipita juu ya wangu, haukuchukua kitu, ukaendelea. Sikuuliza ni wa nani.

Hakuna aliyekipata kidonda.

Bibi Mkaguzi hakusema kama amemchagua. Alisema barua itakuja, akaondoka na mwavuli wake. Shangazi naye hakunipiga, nikajua makosa yangu ni makubwa. Siku ya nne alinishika mkono tukaenda Kiuyu, nikamwombe radhi yule mama. Njiani nilikuwa napanga maneno ya kumfurahisha, nimeshapata moja zuri kuhusu yai. Tulipofika tukakuta majamvi yametandikwa uani na watu wanasoma hitima. Ilikuwa ya kumrehemu mtoto wake. Tukauliza kama barua imefika kutoka Tanga. Jirani akatuambia hapana, hakuna barua, hakuna mtu aliyekuja. Mama mwenyewe ndiye aliyerudi kutoka Wete akasema basi, wamsomee.

Alinipokea vizuri. Alinipa sahani ya wali na kunikalisha karibu naye, akasema mwanawe naye alikuwa mchekeshaji. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa. Lile neno kuhusu yai sikulisema, na sijalisema mpaka leo.

Barua ya shule ilifika Jumatatu, baba yuko shamba. Mpeleka barua aliitia mkononi mwangu. Niliisoma kwa macho kwanza, peke yangu mlangoni, kisha nikaingia ndani. Shangazi alikuwa sakafuni, chane za ukindu zimemzunguka. Aliiona bahasha akaacha kusuka, lakini vidole viliendelea kidogo vyenyewe.

Nasema kweli: wazo lilinijia. Yeye herufi hizi hazijui. Mwezi mmoja nyuma ningemsomea kwamba amekataliwa, nimtazame uso unavyoanguka, kisha nicheke na kumwambia ukweli, naye angenifukuza uani kwa kibao cha mbuzi ya nazi. Nilimwona amekaa pale, anangoja kuambiwa na sauti ya mtu mwingine yatakayompata, hana njia ya kujua kama ni kweli au uongo.

Nikakaa chini mbele yake. Nilianzia juu kabisa, na anuani, na tarehe, na nambari ya faili. Nikasoma salamu, nikasoma kwamba amechaguliwa, nikasoma habari za chumba na siku ya kuhamia, nikamalizia na cheo cha aliyetia sahihi. Sikuongeza neno wala sikupunguza.

"Soma tena," akasema shangazi.

Nikasoma tena.